Saundi kadi yenye miksa ndani yake: soma hapa kabla hujaagiza kutoka Dar

Wadau wa kurekodi hapa Kigoma swali lenu nimelisikia mara nyingi mno, kuanzia wale wenye vyumba vya kurekodia kule Mwanga mpaka walimu wa kwaya wa Ujiji na Gungu, na karibu wote mnauliza kwa maneno yale yale, kwamba fundi nataka saundi kadi inayochanganya sauti yenyewe, isiyoisumbua kompyuta, ninunue ipi? Leo nakaa nalijibu kwa urefu kwasababu kwa kweli linaniuma kuona mtu anakusanya hela ya michango ya wanakwaya, anamtumia mtu Kariakoo, kadi inapakiwa kwenye basi inakuja mpaka huku mwisho wa reli, alafu inafika sio yenyewe. Kurudisha Dar ni nauli nyingine na ni wiki nyingine, na kwaya ina tarehe.

Kitu cha kwanza kabisa, hilo neno kuchanganya sauti kwenye kadi linabeba mambo mawili tofauti na watu wanayaweka kwenye kapu moja. La kwanza ni kadi kupokea sauti nyingi kutoka programu tofauti za kwenye kompyuta, mfano biti inacheza kwenye programu ya kurekodia kama Cubase, video ipo kwenye brauza, na meseji imeingia ikalia, zote tatu zikakutana ndani ya chipu ya kadi zikatoka spika moja. La pili ni kadi kupokea sauti ya muimbaji inayoingia kwenye maiki na kuichanganya hapo hapo na biti, akajisikia kwenye hedifoni bila sauti yake kwenda kwanza kuzunguka ndani ya kompyuta. Yote mawili yanaitwa miksingi ya hadiwea. Ila moja limeshapitwa na wakati kwa watu wengi, na lingine ndo linalofanya rekodi ya kwaya iwe nzuri au iwe mateso.

Nianze na hilo la zamani maana ndo lenye historia, na bado lina kazi yake kwa mwenye kompyuta ya zamani.

Zamani kadi nyingi za kawaida zilikuwa na njia moja tu ya kucheza sauti. Programu ya kwanza ikiishika kadi basi, nyingine zote zinanyimwa, ni kama mtumbwi wa kubeba mtu mmoja, we mwingine subiri ufukweni mpaka urudi. Waliotumia Linux, ule mfumo endeshi wa bure, enzi za OSS, mfumo wake wa sauti wa zamani, wanaijua vizuri hii, unafungua muziki, alafu programu nyingine inakwambia kifaa kinatumika. Ndo maana kadi zenye chipu ya kuchanganya zenyewe zilipendwa sana. Sound Blaster Live! ilitoka 1998 ikiwa na chipu inaitwa EMU10K1, ina njia 64 za sauti ndani yake, na kwakuwa stereo inakula mbili, unapata njia 32 za stereo kwa mpigo, programu 32 zinaweza kucheza pamoja na prosesa haijui lolote. Ikafuata Audigy mwaka 2001, kisha Audigy 2 na Audigy 2 ZS, ukoo ule ule. X-Fi ikaja 2005 na chipu mpya kabisa, EMU20K1, alafu X-Fi Titanium ya sloti ya PCIe ikawa na EMU20K2. Nje ya Creative, kampuni inayotengeneza hizo Sound Blaster, kulikuwa na Yamaha YMF724 na ndugu zake YMF744 na YMF754, kulikuwa na Trident 4DWave, kulikuwa na Cirrus Logic za ukoo wa CS46xx ambazo ndo zimo kwenye Turtle Beach Santa Cruz, na kulikuwa na Aureal Vortex 2 ambayo mi naiheshimu sana ila kampuni yake ilifilisika mwaka 2000 kwaiyo draiva zake, zile programu za kuiwezesha kompyuta kuongea na kadi, ziliishia hapo hapo.

Sasa kwanini nasema limepitwa na wakati? Fanya hesabu na mimi. Sauti ya stereo ya 48 kHz, yaani kila upande unapimwa mara 48,000 kwa sekunde, ina sampuli (vipimo) 96,000 kwa sekunde. Ukiwa na programu 10 zinapiga kelele kwa wakati mmoja, kuzichanganya ni kujumlisha namba 960,000 hivi kwa sekunde. Mwaka 1998 hiyo ilikuwa kazi inayoonekana, kompyuta zilikuwa na prosesa za megahezi mia tatu mia nne na gemu linataka lote. Leo hata dekstopu ya mtumba ya ofisini yenye Core 2 Duo inapiga mizunguko bilioni mbili na zaidi kwa sekunde kwenye kila kiini, hiyo milioni moja kasoro haiioni hata. Kwaiyo walioandika programu wakaihamishia kazi huko. Kwenye Linux ikaja dmix ndani ya ALSA, mfumo wa sauti uliochukua nafasi ya OSS, ikaja PulseAudio ambayo Fedora, toleo mojawapo la Linux, waliiweka kama ya kawaida mwaka 2007, na sasa PipeWire ambayo Fedora hao hao waliipokea 2021, na Ubuntu nao wakafuata. Zote hizo zinachanganya kwa prosesa, na ukiwa na PulseAudio au PipeWire, yenyewe ndo inayoishika kadi, inaikabidhi mchanganyiko mmoja uliokwisha kuiva, hata kadi ikiwa na njia 32 zinabaki 31 zimekaa tu hazina kazi.

Windows nako hivyo hivyo. Mpaka XP gemu liliweza kupeleka sauti zake moja moja kwenye kadi kupitia DirectSound, njia ya sauti ya Windows, na kadi ikachanganya, ila Vista ilipoingia sokoni mwanzoni mwa 2007 Microsoft walikuwa wameuandika upya mfumo wote wa sauti, ile njia ya DirectSound kwenda kwenye chipu ikakatwa. Creative wakatoa programu inaitwa ALchemy ya kuzigeuza zile sauti za gemu zipite OpenAL, njia nyingine ambayo bado ilikuwa inafika kwenye kadi. Hiyo ni habari ya magemu ya zamani. Kwa mtu wa kurekodi kwaya anayetumia Windows 7 au 10 haimgusi.

Basi nani bado anaihitaji? Yule mwenye kompyuta dhaifu kweli kweli, tuseme Pentium III au Pentium 4 ya mwanzo, anayetumia Linux nyepesi na ALSA peke yake bila PulseAudio wala PipeWire juu yake. Nimeona mashine za namna hiyo huku kwetu zikifanya kazi ya kupiga muziki kwenye maduka na kwenye vyumba vya watoto kujifunzia, na ukiiwekea Live! ya kweli inapumua, unaona kabisa tofauti. Na yule anayependa SoundFont, yale mafaili ya sauti za ala, pia, maana EMU10K1 inapiga ala zenyewe kwenye chipu, kinanda cha MIDI kinalia bila prosesa kuguswa. Hao wawili nawaambia tafuteni, mtapata raha.

Ila mkitafuta, msinunue jina la kwenye boksi. Hapa naomba mnisikilize vizuri kwasababu majina ya Creative yanachanganya sana. Sound Blaster Live! 24-bit sio Live!, ndani ina chipu inaitwa CA0106 ambayo haina ile miksa ya njia nyingi. Audigy SE nayo ni CA0106, jina ni Audigy ila sio ukoo wa Audigy. X-Fi Xtreme Audio sio X-Fi ya EMU20K, iache. Zile Live! zilizokuwa zinakuja ndani ya kompyuta za Dell baadhi zina EMU10K1X, hiyo herufi X mwishoni inaonekana kama maendeleo kumbe ni chipu iliyopunguzwa, hata draiva yake kwenye Linux ni nyingine. Alafu kwa wenye kompyuta mpya kidogo zisizo na sloti ya PCI ya zamani, kuna Audigy Rx na kuna Audigy Fx, zote za PCIe, herufi moja tu ndo inazitenganisha, na Rx ndo yenye chipu ya ukoo wa EMU, Fx ni HD Audio ya kawaida tu kama ile iliyokwisha kuwemo kwenye mazabodi yako, ukiinunua kwa ajili ya miksa umenunua kitu ulichokuwa nacho tayari.

Kwaiyo mwambie muuzaji akupige picha ya kadi yenyewe upande wa chipu, isiwe picha ya boksi wala picha aliyoitoa mtandaoni, na maandishi ya kwenye chipu yasomeke. Muuzaji anayekataa kupiga picha muache. Kama ana kompyuta ya Linux hapo dukani bora zaidi, achomeke kadi aandike amri ya aplay -l alafu akutumie kinachotokea. Kadi yenye miksa ya kweli ya ukoo wa EMU10K1 itasema Subdevices: 32/32, yaani njia 32. Ile ya kwenye mazabodi, Intel HD Audio ya tangu 2004 au AC'97 ya kabla yake, itasema 1/1. Hapo hakuna ubishi, namba inaongea. Angalia pia na kimo cha kadi, kwasababu dekstopu nyingi za mtumba tunazoletewa huku ni zile nyembamba za ofisini na kadi ndefu ya kawaida haiingii, kile kibati cha nyuma ni kirefu kuliko kasha.

Na Live! ina tabia moja ya kuijua, ndani inaenda kwa 48 kHz tu. Ukiipa muziki wa CD wa 44.1 kHz inaugeuza yenyewe kwanza ndo iucheze. Kwa kusikiliza dukani sawa. Kwa kurekodi kazi ya maana basi weka projekti yako 48 kHz tangu mwanzo ili usigeuzegeuze.

Haya, sasa tuje kwenye ile miksa ya pili, na hapa ndo moyo wangu ulipo.

Mwalimu mmoja wa kwaya alikuwa kavaa hedifoni anaimba sauti ya tatu juu ya biti, kila baada ya mistari miwili anasimama. Akaniuliza, "Fundi, mbona sauti yangu inanifuata nyuma?" Hakuwa anajua lolote kuhusu bafa, lile fungu la sampuli ambalo kompyuta inalikusanya kwanza kabla ya kulishughulikia, wala draiva, lakini alilisema tatizo lote kwa maneno machache. Sauti yake ilikuwa inaingia kwenye kompyuta, inasubiri bafa ijae, inapita kwenye programu, inasubiri bafa nyingine ya kutokea, ndo inarudi masikioni. Bafa ya sampuli 512 kwa 48 kHz ni kama milisekunde 10.7, ukiweka ya kuingia na ya kutoka unafika 21 na bado kuna vigeuzi vya sauti na draiva vinaongeza vya kwao. Sauti hewani inatembea kama mita 343 kwa sekunde, kwaiyo milisekunde 21 ni sawa na kujisikia kutoka mita saba hivi mbele yako, wakati huo huo sauti yako halisi unaisikia ndani ya fuvu lako papo hapo. Mtu lazima avurugike. Ataanza kuburuza, atashuka pichi, na we prodyuza utamwambia hajui kuimba kumbe anajua vizuri tu.

Watu wanalitatua kwa kupunguza bafa mpaka 64, kompyuta dhaifu ikaanza kukwaruza na kukatakata, wanadhani wanahitaji kompyuta mpya. Hauhitaji. Unahitaji kadi inayochukua sauti ya maiki na kuirudisha kwenye hedifoni kabla haijaingia kwenye kompyuta kabisa, na biti inatoka kwenye kompyuta inakutana nayo hapo hapo kwenye kadi. Ukiwa na hiyo unaweza kuacha bafa iwe kubwa, kompyuta itulie, na muimbaji anajisikia muda ule ule. Programu inajua biti ilichelewa kiasi gani na inarudisha sauti iliyorekodiwa mahali pake.

Kwenye kadi za ndani za zamani, bingwa wa hili kwa bei ya mtumba kwangu mimi ni M-Audio Audiophile 2496. Ina chipu ya ICE1712, watu wanaiita Envy24, na ndani yake kuna miksa ya kidijitali ya chaneli 20 yenye upana wa 36-bit, unaiongoza kwenye Linux na programu ndogo inaitwa envy24control. Jihadhari tu na Audiophile 192, hiyo inafika 192 kHz badala ya 96 lakini chipu yake ni Envy24HT ambayo haina miksa ile. Na Audiophile haina priampu ya kukuza sauti ya maiki wala fantomu pawa ya volti 48 ya kuwasha maiki za kondensa, ina matundu ya RCA tu, kwaiyo utahitaji miksa ndogo ya nje mbele yake. Kwa makanisa mengi huku hilo sio tatizo maana miksa ya kwaya ipo tayari. Na kwa wale wenye Live! na Windows XP au 7, kuna draiva za kX Project ambazo zinaifungua chipu ile yote, zinakupa ASIO, draiva ya kurekodi isiyochelewesha sana, na uwezo wa kupanga njia za sauti ndani ya DSP, yaani chipu ya kuchakata sauti, unavyotaka, mi naona ni moja ya kazi nzuri kuwahi kufanywa na watu wa kujitolea kwa ajili ya wenye vifaa vya bei ndogo.

Ila kama unanunua leo na una laptopu, chukua ya USB. Sababu yangu ya kwanza ni umeme. Huku kwetu umeme ukikatika katikati ya ubeti, dekstopu imezima na ubeti umepotea, ila laptopu yenye chaji na kadi ndogo inayokula umeme wa USB inaendelea kama hakijatokea kitu, kwaya inamalizia wimbo gizani na rekodi ipo. Sababu ya pili ni kelele, kadi ya ndani inakaa pamoja na pawasapulai na feni, na kasha lisilo na ethi nzuri linaleta mvumo ambao hautoki. Behringer UMC202HD ina kitufe kimeandikwa Direct Monitor, ukikibonyeza maiki inaenda moja kwa moja hedifoni. UMC204HD ndo naipenda zaidi kwasababu ina kinobu cha Mix, unazungusha kuamua biti iwe kiasi gani na maiki kiasi gani, na mwanakwaya mwenyewe anaweza kukizungusha bila kukuita. Focusrite Scarlett 2i2 nayo ina swichi yake. Ukipanda kwenye Scarlett 18i8 unapata miksa kamili ya kidijitali ndani, unaweza kutengeneza michanganyiko tofauti kwa waimbaji, na juu kabisa wapo RME na TotalMix, programu yao ya miksa, ambayo kwa kweli ni raha tupu lakini bei yake ni ya studio inayoingiza hela kila siku.

Nimeulizwa pia kuhusu zile V8 zinazouzwa kila duka la vifaa vya simu, zenye vitufe vya makofi na vicheko. Ndio zinachanganya zenyewe, maiki na muziki vinakutana humo humo. Shida ni kwamba kinachoenda kwenye simu au kompyuta mara nyingi ni mchanganyiko uliokwisha, sauti na biti vimeshikana, ukigundua baadaye kwamba sauti ilikuwa chini huwezi kuipandisha peke yake. Kwa kwenda laivu inafaa sana na simzuii mtu. Kwa kurekodi albamu ya kwaya hapana, na wapiga gitaa wanaovuka kutoka ng'ambo ya ziwa kuja kurekodi huku wana mkono ambao ni dhambi kuubana kwenye mchanganyiko usiofunguka, yale magitaa ya rumba yanataka kila moja na laini yake.

Kadi ikishafika mkononi ijaribu siku hiyo hiyo kabla haujamtumia mtu hela iliyobaki. Fungua programu ya kurekodia, Reaper au Cubase au Ardour yoyote ile, panda na bafa mpaka 2048, hapo kuchelewa kwa kupita kwenye kompyuta kutakuwa zaidi ya milisekunde 80 na hakuna sikio litakalokosa kusikia kuchelewa huko. Zima ile sehemu ya programu ya kukurudishia sauti, ukiiacha utajisikia mara mbili na utachanganyikiwa. Washa Direct Monitor au fungua miksa ya kadi, cheza biti, vaa hedifoni, alafu sema ta ta ta karibu na maiki. Kama ta inafika sikioni pamoja na mdomo wako na bafa iko 2048, kadi inachanganya yenyewe, mlipe muuzaji. Kama inakuja nyuma, ifungashe vizuri na basi la kesho.